Nikate Kama Dada

Nilijifunza kukata nywele kwa kutelezesha mkasi katika saluni moja ya Dar es Salaam, kabla mume wangu hajahamishiwa Kibaha kikazi. Mkasi haufungwi. Unauacha wazi nusu, unashika fungu la nywele zilizolowa, unateremsha makali polepole mpaka nchani. Ukiwa butu unavuta, na mteja analia. Kwa hiyo kila nikimaliza niliufuta kwa kitambaa laini na kutia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu. Sikumruhusu mtu autumie kukata hata uzi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mteja wangu wa mkato huo alikuwa mmoja tu, mke wa Mwarabu mwenye duka katika kijiji cha Janga. Nywele zake zilifika kiunoni. Nilimkatia uani kwake, mpaka alipofariki kwa uzazi, yeye na kichanga. Akaacha binti mdogo, ndiyo kwanza anajua kusema.

Baada ya arobaini nikaitwa tena. Kwenye kigoda alikuwa amekaa mdogo wa marehemu, aliyetoka Kisarawe kuja kulea. Aliponisalimu nikamtazama tena usoni. Sauti ilikuwa ileile.

"Mtoto halali, dada," akasema. "Anazunguka nyumba nzima akimtafuta mama yake. Nikate kama ulivyokuwa unamkata yeye."

"Una hakika?"

"Nikate."

Mkono wangu ulijua njia. Nyuma ya sikio la kushoto nywele ziligeukia upande mmoja, kama za dada yake, na hapo mkasi ukasita, ingawa niliutia mafuta asubuhi ileile. Nikasoma Fatiha kimoyomoyo, nikaendelea.

Mtoto akaamka, akatokea uani. Hakulia. Alikuja taratibu, akashika ncha za nywele mbichi.

"Mama, ulikuwa wapi?"

Nikaushusha mkasi. Yule mwanamke akamvuta mtoto karibu.

"Nilikuwa Kisarawe," akasema.

Nilipogeuka, baba mtoto alikuwa amesimama mlangoni, kibaba cha sukari mkononi. Akarudi dukani.

Mwaka haukuisha, akamuoa huyo shemeji yake. Mtoto akawa analala. Nami niliendelea kwenda, na kila nikikata aliniuliza marehemu alipenda kuzungumza nini, alikuwa akicheka vipi. Nikamweleza. Mara nyingine alicheka vilevile, nikausimamisha mkasi.

Siku moja nikamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Hakugeuka. Nikarudia. Mtoto ndiye aliyeinua kichwa.

"Huyo nani?"

"Simjui, mwanangu," akamjibu.

Nikamaliza upande uliobaki, nikafuta mkasi, nikaenda kungoja basi.