Dada Aliyeeleza Kila Mstari

Mimi nikikasirika naongea, kwa hiyo nivumilieni. Watu wanaandika habari za wakubwa waliokufa zamani. Mimi naandika za dada yangu, mzima kabisa, amekaa hapa kibandani kwangu, na mpaka sasa hivi ananipandisha presha.

Dada ni mwandishi wa programu za kompyuta. Alikuwa. Hapana, ni. Fundi bomba akifukuzwa kazi si bado ni fundi bomba?

Kazi yake ilikuwa hivi. Kuna kampuni nchi ya mbali huko, inasafirisha mizigo. Mtu ananunua kitu akiwa amelala kitandani, kampuni inampelekea mpaka mlangoni. Programu inayoamua gari gani libebe nini na lipite njia gani ilikuwa inatunzwa huku kwetu, na dada na wenzake, ghorofani juu ya duka la vioo. Kwa nini huku? Kwa sababu huku ni rahisi. Watu wa kule walikuwa wanalipwa sana, wakatolewa, tukaingia sisi. Tulifurahi bwana, tusidanganyane. Mimi na shule tuliachana mapema, natengeneza simu, lakini mtaani nilikuwa natamba kama mwenye kampuni. Dada yangu anaendesha magari ya nchi za watu akiwa amevaa ndala!

Pale ofisini ukutani kulikuwa na saa mbili, moja ya kwetu na moja ya kule. Ya kwetu iliisha betri, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Ningekuwa na akili ningeelewa siku ileile.

Aliyemwachia dada hiyo kazi ni mzee mmoja wa kule, kwa njia ya skrini tu. Dada alikuwa anamwita Mzee wa Skrini. Yule mzee alijibu alichoulizwa, asichoulizwa akakimeza. Walipomalizana akasema kila la heri, akazima kamera, basi. Dada akabaki na programu kama mtu aliyepewa nyumba gizani bila kuambiwa ngazi iko wapi. Ijumaa moja akafuta mstari aliouona wa kijinga, na mizigo ya mji mzima ikaenda mji mwingine. Alilia chooni ofisini mpaka mfagizi akamgongea mlango.

Toka hapo akawa anaeleza. Juu ya kila kitu alichoandika, anaweka maneno ya binadamu, ambayo kompyuta yenyewe haiyajali. Alinisomea moja: "Ndugu unayekuja baada yangu, mstari huu unaonekana hauna kazi, lakini usiufute. Ijumaa kule wanafunga daraja mapema, magari lazima yazunguke." Yaani anamwandikia mtu ambaye hajazaliwa kazini! Nikamwambia, "Wewe dada, huyo ndugu ana jina?" Akasema, "Atakuwa nalo akifika."

Hiyo tabia ni ya Mama. Mama ni fundi cherehani, na kila kipande anachokata anakibandika karatasi kwa pini: mkono wa kulia, hapa kunja ndani, huyu bibi harusi bega moja liko chini. Akiumwa, fundi mwingine anamalizia na mteja hajui. Siku hizi karatasi anaandikiwa, maana macho yanamwisha. Uzi anautia kwenye sindano kwa kupapasa. Matibabu ya hayo macho yalikuwa yanalipwa na bima ya kazi ya dada. Hapo pakumbukeni, ndipo hasira yangu inapokaa.

Siku moja meneja akawaita wote, akawagawia soda na biskuti. Mimi ofisi ikinigawia soda bure natafuta viatu vyangu. Dada alikunywa.

Jioni akatueleza, Mama akiwa kwenye cherehani.

"Kazi inahamishiwa nchi nyingine. Meneja amesema si kosa la mtu, ni gharama."

"Gharama gani? Si sisi ndio tulikuwa rahisi?"

"Wamepatikana wengine rahisi zaidi."

"Rahisi kuliko wewe? Wewe mchana unakula mkate mkavu!"

"Basi labda wao hawali. Mimi nitajuaje?"

Akasema mmoja atabaki. Huyo ni wa kushika sehemu ambazo wapya watashindwa kuzielewa. Wengine wafundishe warithi wao, na mrithi akiandika kwamba ameelewa, basi, wewe kwaheri.

"Mama, msikie mwanao anavyoongea taratibu!" nikasema. "Mama, sema kitu!"

Mama alikuwa na pini mdomoni. "Mm," akasema.

Kesho yake nikafunga kibanda nikaenda ofisini kwao. Mlinzi akanisimamisha getini.

"Una miadi?"

"Nina hasira."

"Hasira haina nafasi kwenye kitabu changu, kijana. Nakuandika unamwona nani?"

Tukiwa tunabishana akatoka Fundo. Huyu ni mwenzake dada wa meza ya pili, na hilo jina amepewa kwa sababu kila anachoandika kimejisokota, ukivuta huku kinakaza kule.

"Shemeji!" akaniita.

"Shemeji yako nani? Dada yangu hakutaki."

"Bado hajanitaka. Njoo pembeni." Akanivuta mpaka kivulini. "Unajua anayebaki ni mimi?"

"Wewe? Wewe uliyewahi kuzima programu nzima kwa kuweka nukta pasipotakiwa?"

"Mimi huyohuyo. Walichukua ile akili bandia yao wakaipa kazi zetu izisome. Ya dada yako ikaisoma kama gazeti. Ya kwangu ikatoa jibu refu, upuuzi mtupu. Wale mabosi wakaogopa kuigusa."

"Kwa hiyo umebaki kwa kuandika vibaya?"

"Kwa uvivu, shemeji. Mimi mwenyewe nikirudi pale najiuliza huyu mjinga alitaka nini." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini sikiliza. Sehemu ya Ijumaa, ile ngumu, dada yako ndiye anaiandika upya wiki hii. Bado hajaikabidhi. Aikabidhi kavu, bila neno moja. Mrithi wake atakwama, na wao watahitaji watu wawili."

"Na wewe unafaidika nini?"

"Nibaki peke yangu na ile programu? Nani atakuwa ananieleza?"

Nilirudi nyumbani nimepata dawa. Dada hakutaka kusikia. Alisema hivyo ni kama kuficha ngazi. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe si ulifichwa? Na ukaishi?" Nikamgeuza amtazame Mama, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta mkasi, na mkasi uko mbele yake. Dada akatazama mkono wa Mama unavyotembea mezani, unaupita mkasi, unarudi, unaupita tena.

Akaiandika ile Ijumaa kavu. Akaikabidhi. Siku hiyo hakula.

Baada ya hapo mrithi akapiga simu ya video mchana, dada akiwa anafanyia kazi nyumbani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda ambapo kamera hainioni. Mrithi mwenyewe ni msichana, mdogo kuliko mimi, nyuma yake kuna pazia la maua na mtu anaosha vyombo kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mwenye suti. Waliongea kwa lugha ya kampuni. Mimi naiokoteza, na nilipokosa dada alinieleza baadaye.

"Dada," yule binti akasema, na alimwita hivyo kweli, "nimekaa na Ijumaa toka juzi. Sielewi."

"Ni ngumu," dada akasema.

"Najua ni ngumu. Lakini sehemu zote nyingine uliandika kama unaongea na mimi. Nimezoea. Nikifungua nasoma kwanza maneno yako ndio naingia. Hapa umenyamaza." Akasogea karibu na kamera. "Kuna kitu nimekukosea?"

Mimi nikampa dada ishara, nimeziba mdomo kwa mkono. Kaa kimya! Sema mtandao mbovu! Dada hakunitazama. Alikuwa anautazama uso wa yule binti, na mimi najua alikuwa anaona nini. Alikuwa anajiona yeye mwenyewe, na tena anajiona amekaa kwenye kiti cha Mzee wa Skrini.

"Hujanikosea," akasema. "Fungua mwanzo kabisa. Unaona pale panapouliza siku? Kuna daraja..."

Nikashika kichwa. Akaeleza yote, kipande kwa kipande, na mengine akayaandika palepale binti akiwa anaona. Mwisho yule binti akacheka kwa furaha, akasema, "Ahaa! Sasa nimeelewa!" Maneno hayohayo ndiyo yalikuwa yanamfukuza dada kazi, na yeye hajui, maskini. Halafu akauliza, "Na mimi niwe naandika hivi kwa atakayekuja?"

Hapo dada akapeleka mkono kwenye kitufe cha kamera.

"Fanya unavyoona," akasema, na akazima kamera yeye kwanza.

Nililipuka. "Umemaliza? Umejichimbia vizuri? Huyo naye amewekwa kiti cha muda tu! Akili bandia ikishasoma hayo maelezo yako na ya kwake, na yeye anatoka!"

"Najua."

"Unajua! Na macho ya Mama?"

"Nyamaza," Mama akasema kutoka kwenye cherehani. Safari hii hakuwa na pini mdomoni. "Ni macho yangu. Usiyapigie kelele."

"Mama, alikuwa na nafasi!"

"Nimesikia. Mimi siyo masikio yanayoniuma."

Yule binti akaandika kwamba ameelewa, na akamsifu dada kwa maneno mazuri sana. Meneja aliyasoma mbele ya watu, wakapiga makofi. Dada alikuwa bado ana kikombe cha chai mkononi kompyuta ilipomwambia hatambuliki. Bima nayo ikaenda. Daktari wa macho akatuambia turudi tukiwa tumejipanga, na mimi nikamjibu vibaya, na sasa pale napo siwezi kurudi.

Fundo bado yuko ghorofani, peke yake na saa yake mbovu ukutani. Anampigia dada karibu kila siku. "Hebu niambie, niliandika nini hapa?" Na dada anamweleza! Bure! Nikinyang'anya simu Fundo anasema, "Shemeji, pole sana," na sauti yake inaonyesha kweli anaona haya, jambo ambalo halinisaidii chochote.

Dada anatafuta kazi nyingine. Anaulizwa kama anajua kuiamrisha akili bandia, na mahali pengine wanasema hata hao wa kuiamrisha hawatafutwi tena. Kwa hiyo anakuja kibandani asubuhi, ananisaidia. Mikono yake ni mizuri kwa simu, siwezi kukataa.

Leo nimempa simu aifungue. Nikageuka kumhudumia mteja, kurudi nakuta ametandaza karatasi, ameweka kila skrubu mahali pake, na pembeni ya kila moja ameandika kwa mwandiko wake mdogo: hii ni fupi, ya juu kushoto, hii usikaze sana, chini yake kuna waya wa kioo.

"Unamwandikia nani?" nikauliza.

"Atakayeifunga."

"Anayeifunga ni mimi! Kibanda ni changu! Hapa usiandike, umenielewa? Wenzako wamekula kwa maandishi yako, sisi tunakula nini? Usiandike kitu kwenye meza yangu!"

Mteja akarudi nyuma hatua. Nikaishika ile karatasi nikaichana, skrubu zikamwagika chini, nikapiga magoti kuziokota na sikujua ipi ni ipi.

Nilipoinuka alikuwa ameshachukua karatasi nyingine.