Vidole Kumi na Viwili

Mpiga gitaa wa ile albamu alikuwa na vidole sita katika kila mkono, na vile viwili vya ziada alishonewa hospitalini huko Amerika, vimetoka kwa mpiga kinanda aliyekufa. Hayo niliambiwa na shemeji yangu, fundi cherehani wa Njombe, nami niliyaamini kama Amri Kumi. Nilifika hadi kuulizia kama kule hospitali ya misheni ya Bulongwa wangeweza kuniongezea hata kimoja.

Msinicheke. Enzi hizo za Mwingereza, pale mtaani kwetu ni shemeji peke yake aliyekuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono. Albamu yenyewe, sahani nne ndani ya jalada nene kama kitabu, aliachiwa na bwana mmoja wa shamba la miwati aliyekuwa anarudi kwao. Juu ya jalada kulikuwa na picha ya mtu mweusi mwenye suti, gitaa kifuani, anacheka. Mtu mmoja tu. Lakini ukiweka sindano, unasikia gitaa linapanda, linarukaruka kama mwanambuzi, na papo hapo chini yake gitaa linatembea taratibu bila kukosea hatua. Sisi hatukutafuta mtu wa pili. Tumekua tukisikiliza ligombo, ule ubao wetu wa nyuzi wenye kibuyu, na mpiga ligombo hukaa peke yake, akaimba na kujiitikia mwenyewe. Kwa hiyo tulihesabu kichwa kimoja, tukaongeza vidole.

Sasa, Makambako kulikuwa na bendi ya dansi, na kiongozi wake alikuwa anatafuta mpiga gitaa. Alipita kwa shemeji kushonewa suruali, akasikia sahani ya kwanza, akanikuta nami ninakwaruza gitaa langu la mbao za sanduku. Akaniambia, "Bwana mdogo, ukiuweza wimbo huo, njoo Makambako. Nafasi ni yako."

Nafasi ni yangu! Nililala nimevaa viatu, nisichelewe.

Basi nikaanza. Ilikuwa miezi ya baridi, baridi ile ya Njombe ambayo hata moto wenyewe unaomba blanketi. Sehemu ya chini niliishika upesi, nikaipiga mpaka kuku wa jirani wakawa wanatembea kwa kuifuata. Lakini kila nilipoongeza ya juu, ya chini ilikufa. Nikiifufua ya chini, ya juu inakimbia. Vidole vikavimba, vikapasuka, waya wa breki ya baiskeli niliouweka badala ya uzi wa gitaa ukanichana kama kisu.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia yule mtu. Simaanishi kumwonea wivu. Nilimchukia kama mwizi wa ng'ombe. Mimi navuja damu, yeye anacheka tu na suti yake. Nikimtazama nasikia anasema, "Vipi, mwenye kumi?" Siku moja niligeuza jalada likatazama ukuta.

"Shemeji, usimgeuze mgeni wangu," akasema fundi, pini mdomoni.

"Mgeni gani? Huyu ni mwizi! Mimi nimepewa kumi na Mungu, yeye ameongezewa na daktari. Huo ni mchezo wa haki huo?"

"Kwani amekukataza kuongezewa?"

"Nyamaza, shemeji, nitakuvunjia hiyo cherehani."

"Vunja. Dada yako atashona kwa meno, na wewe utavaa jani la mgomba."

Nilitoka nikaupiga teke mlango wake, ukaniumiza mimi. Hata katika shule ya jioni, nilikojifunzia kusoma nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, mwalimu alipotuambia tuhesabu kwa vidole nilikataa. Nikasema vidole havina usawa hapa duniani, akanitoa nje.

Baridi ikaisha, mahindi yakapandwa, mimi bado ninagombana na picha. Mwishowe hasira ikahama kutoka kwa Mmarekani ikamwangukia kiongozi wa bendi. Mtu gani huyo anayemdai maskini wa Mungu jambo lisilowezekana? Nikajifunga gitaa mgongoni, nikaenda Makambako kumwambia ukweli wake usoni.

Nilimkuta mbele ya ukumbi anafuta vumbi kwenye ngoma, na ndani mtu anapiga gitaa.

"Kamwene," akanisalimu.

"Sikuja kusalimiana! Umenitesa msimu mzima. Nenda kamtafute huyohuyo mwenye vidole kumi na viwili akupigie dansi lako!"

"Mwenye vidole nini?"

Nikamweleza yote: kushonewa, mpiga kinanda, Bulongwa. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akaniambia, "Hebu piga hapo ulipofika." Nikapiga ya chini, kwa hasira, kama napasua kuni. Ndani ya ukumbi lile gitaa jingine likasimama kusikiliza.

Akaweka kitambaa chini.

"Ndugu yangu, kwenye ile sahani wanapiga watu wawili. Mwenye picha anapiga ya juu, mwenzake anapiga ya chini. Ya juu ninaipiga mimi. Nilikuwa natafuta mtu wa hiyo ya chini tu, na huyo uliyemsikia humo ndani nimempata juma lililopita."