Waya Mwekundu wa Baba

Nimerudi kutoka nyumbani kwetu Iguguno wiki iliyopita, na hadi sasa sijui niseme nilikwenda kutengeneza gari au kuchokonoa jambo lililokuwa limelala. Nisikilize, rafiki yangu, labda wewe utaelewa kuliko mimi.

Nilikwenda kwa ajili ya pikapu ya marehemu baba. Mama anataka awe anakwenda nayo kanisani, na majirani wamezeeka, hawawezi tena kuisukuma. Dinamo yake ilikufa nikiwa mtoto, ikawa haichaji betri kabisa. Nikamwita fundi umeme wa magari aing'oe na kufunga altaneta ya kisasa.

Fundi alifungua boneti, akaangalia ndani, kisha akatoa kisanduku cheusi kilichokuwa pembeni.

"Dada, hii ni katauti, ya kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye dinamo. Ona ilivyoungua. Nani aligeuza betri kwenye gari hili?"

"Kuigeuza vipi?"

"Magari haya ya zamani, mengine yalitoka kiwandani chanya ikiwa imefungwa kwenye bodi. Siku hizi ni hasi. Mtu aligeuza betri bila kugusa dinamo, vikapigana, vikaungua."

Nilijifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa msimu wa alizeti, nyumba nzima ikinukia mashudu, magunia yamepangwa hadi chini ya dirisha la jikoni. Jumapili baba alikuwa akiitoa betri ya gari na kuiingiza sebuleni ili tusikilize redio, majirani wakijazana na bakuli zao za karanga. Jumatatu asubuhi inarudishwa. Kazi ya kukaza nyaya ilikuwa yangu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Baba alinifundisha mwenyewe: mwekundu, yaani wa chanya, kwenye bodi.

Wiki ile mwalimu wa sayansi akatuchorea gari ubaoni. Hasi ndiyo ilikwenda kwenye bodi. Nikanyoosha mkono, nikasema kwetu ni kinyume. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Mwambie baba yako gari si jembe."

Jumapili, mbele ya majirani wote, nikamwambia. "Baba, unakosea. Mwalimu amesema mwekundu hauendi kwenye bodi."

Mama alinikata jicho. Baba akacheka tu, akasema, "Basi gari letu halijaenda shule."

Watu wakacheka naye, na mimi nikaona ananidharau. Kesho yake, alipokuwa anapakia magunia na watu wake, nilifunga betri kama ubao ulivyosema. Gari likawaka palepale! Taa zikawaka. Nilisimama barabarani nikiliangalia linavyoondoka kwenda kwenye mashine ya kukamulia mafuta, nikajiona msomi kweli.

Baba alirudi jioni kwa miguu, vumbi hadi magotini. Alisema dinamo imetoa moshi. Kesho yake gari lilipovutwa hadi nyumbani, alifungua boneti akatazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza kitu. Mimi nami sikusema, maana sikujua kama lilikuwa kosa langu. Gari si liliwaka? Ndivyo nilivyojiambia kwa miaka yote hii.

Lakini betri aliiacha vilevile nilivyoifunga, hadi alipofariki. Na tangu siku hiyo, kila alipotaka kugusa waya wowote, hata wa tochi, alikuwa ananiita. "Njoo, mwanangu. Kitabu kinasemaje?" Nilikuwa nakuja mbio, kifua mbele.

Fundi alimaliza saa tisa alasiri. Altaneta inang'aa, mkanda mpya, waya mnene hadi kwenye betri. Betri yenyewe hakuigeuza. Alisema altaneta inataka hivyohivyo ilivyokuwa. Gari likawaka mara moja.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa anachambua mlenda.

"Mama, ile dinamo niliiunguza mimi."

Hata hakuinua kichwa. "Wewe? Aliiunguza baba yako. Aliniambia mwenyewe jioni ileile. Alisema, 'Miaka yote nimekuwa nafunga kinyume, mtoto ndiye amenionyesha.'"

"Alisema akicheka, au alikuwa na huzuni?"

"Jamani, nitakumbuka wapi? Alikuwa anakula."

Sasa nieleze wewe. Mtu aliyeendesha gari lile miaka mingi kwa waya ule ule, likichaji vizuri, anawezaje kuamini kwamba alikuwa anakosea? Bila shaka alikuwa ananikinga. Lakini kama alikuwa ananikinga, kwa nini hakuurudisha waya mahali pake? Na yale maswali ya kitabu, yalikuwa ya kujivunia mwanawe, au ya mtu aliyeacha kuiamini mikono yake mwenyewe? Wale waliokuwa sebuleni na bakuli za karanga wengi wametangulia. Nyumba haina tena harufu ya mashudu. Hakuna wa kumuuliza.

Jumapili nilimpeleka mama kanisani. Alikaa mbele, Biblia mapajani, akipungia watu mkono. Nilishika usukani nikitazama barabara, na sikujua nimekalia mahali pa mtu niliyemdanganya, au pa mtu aliyenidanganya kwa upendo.