Wanakondoo wa Madoa wa Fintan Gilmartin

Fintan Gilmartin ana mabega ya kubebea trekta na shingo isiyojua kuinama, au tuseme ilikuwa haijui. Mimi namfahamu tangu enzi za kaptula. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la sita. Mimi nikaachia hapo, maana mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha, yeye akaendelea hadi chuo cha kilimo na kurudi na kalamu mfukoni mwa shati. Kwamba ng'ombe dume wangu alimbwaga wa kwake kwenye maonyesho ya Agosti, hilo nalitaja kwa kupita tu.

Shamba lake liko kwenye mteremko, huku kwetu Sligo, chini ya mlima, na linapakana na la Attracta Feeney, mjane wa marehemu Tommie. Katikati kuna ukuta wa mawe. Ukuta kwetu ni wa watu wawili: simama kwenye shamba lako uutazame, nusu ya kulia ni yako, ya kushoto ni ya jirani, na kila mtu hujenga yake. Hakuna aliyeandika popote. Babu zetu walikubaliana juu ya hilo, kisha wakagombana juu ya mengine yote.

Fintan anafuga Teksel, kondoo weupe wenye makalio mapana kama meza ya jikoni. Dume lake aliliita Askofu, na kwa kweli lilitembea kama linasubiri kubusiwa pete. Kondoo wa Attracta ni wa mlimani, nyuso nyeusi, pembe za kujikunja, manyoya ya kufagilia matope. Dume lake aliliita Mwenyewe. Ndilo jina alilokuwa akimwitia Tommie, na alisema hajaona tofauti kubwa.

Jumapili moja tulipotoka misa, Fintan alisema mbele ya watu, "Bi Attracta, lile dume lako lingekuwa langu, ningelificha nyuma ya nyumba wageni wasilione."

"Na la kwako ningelipeleka shule, Fintan mwanangu," Attracta akamjibu huku akifunga kitambaa chake kichwani. "Kuoga linajua. Kazi je?"

Tukacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote, maana nina kicheko kizuri. Fintan hakucheka.

Novemba ndiyo arusi ya kondoo. Dume hupakwa rangi kifuani, na kila jike analopanda hubaki na alama mgongoni, ili mfugaji ajue nani tayari na nani bado. Fintan hutumia nyekundu. Attracta hutumia buluu. Ukipita barabarani unasoma mambo ya nyumba ya mtu migongoni mwa kondoo wake.

Mwaka ule Fintan alikuwa na mpango. Chama cha wafugaji wa Teksel kilikuwa kimekubali kuja kwake Aprili, mkoa mzima, kutazama wanakondoo wa Askofu. Mtu akipokea ugeni huo, jina lake limesimama. Asipoweza kuonyesha kitu, ni heri angebaki anafuga bata. Basi ili wanakondoo wote wazaliwe pamoja, wapendeze kama watoto wa komunyo ya kwanza, akawapa majike dawa ya kuwafanya wapate joto wakati mmoja. Chuo kilimfundisha hilo. Chuo hakikumfundisha kutazama ukuta. Sehemu ya nusu yake ilikuwa imebomoka tangu kiangazi, na yeye alikuwa hayupo, yuko maonyeshoni na Askofu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fintan hakuziba, hakujenga.

Siku majike walipokuwa tayari, Askofu alikuwa bandani ananyolewa manyoya ya usoni, mpiga picha anakuja. Mwenyewe hakuhitaji kunyolewa.

Fintan alipofika malishoni asubuhi iliyofuata, alikuta migongo yote ya buluu. Katikati ya kundi amesimama Mwenyewe, anacheua, amechoka kwa heshima.

Hapo, msomaji wangu, mwanamume angeenda kwa jirani aseme, "Mama, dume lako limepita kwangu, na pengo ni langu." Wangecheka, wangekunywa chai, yangeisha. Lakini shingo ile haikuwa imezoea. Akamkamata Mwenyewe kwa pembe, akamtia kwenye trela, akampandisha barabara ya mlima mpaka upande wa pili, akamwachia kwenye malisho ya pamoja ambako hakuna anayemjua. Nilikutana naye akishuka, trela tupu inarukaruka.

"Umetoka wapi, bwana?"

"Kutupa mawe," akasema.

Mtu mwenye pengo ukutani anapeleka mawe mlimani. Mimi sina haraka na habari. Habari ni kama nyama ya nguruwe, ukiitundika muda mrefu ndiyo inanoga.

Mchana akawaswaga majike hadi kijitoni na kuwaogesha mmoja mmoja kwa sabuni ya vyombo ya mkewe, Concepta. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu nikiwa juu kwenye shamba langu, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuwapaka kwa mkono. Alama ya dume hupakazika ovyo, inapanda kiunoni, inateleza ubavuni. Zake zilikuwa za mraba kama madirisha. Wengine walipita barabarani wakasifu kazi ya Askofu. Mimi nilijiuliza Askofu amejifunza lini kushika rula.

Jioni ile Attracta akaja na fimbo yake na mbwa wake mzee. Nilikuwa pale mlangoni kwa Fintan, nimekuja kuazima kitu nisichokihitaji.

"Mwenyewe hayupo," akasema. "Fintan mwanangu, hajapita kwako?"

Fintan alimtazama mbwa. "Hajapita, mama."

"Majike wangu ndiyo wanaanza kupata joto. Sina dume lingine."

"Tutamtafuta," Fintan akasema. "Nitakuja mwenyewe."

Na akaja. Hilo ndilo ambalo mpaka leo hawezi kulisikia likitajwa. Alitembea na mama yule wa miaka sabini na kitu kwenye mvua ya manyunyu, wakachungulia kila mtaro, akiita, "Mwenyewe, Mwenyewe," kwa sauti kubwa kabisa. Attracta akamgawia chai ya chupa yake na mkate wa magadi wenye siagi. Akala. Concepta aliniambia kwamba alipofika nyumbani aliutapika.

Baada ya hapo Askofu akaletwa malishoni, amepakwa rangi ya kijani, ya kuonyesha jike ambaye hakushika mimba mara ya kwanza, amenyolewa, ananukia. Akazunguka kati ya majike kama polisi kwenye mtaa wa watu wema. Hakuna aliyemhitaji. Pale baa Fintan akasema Askofu alimaliza kazi kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana kijani haionekani.

"Dume la ajabu," nikasema. "Tena lina mkono mzuri."

Akaweka glasi chini bila kuimaliza. Tangu siku ile alianza kusimama nyuma kabisa kanisani, kwenye upepo wa mlango, na kuondoka kabla ya baraka.

Mwenyewe alirudi karibu na Krismasi. Mchunga kondoo wa upande wa pili wa mlima aliona buluu kifuani mwake, akauliza huku na huku, akamleta. Amekonda, pembe moja imepasuka. Majike wa Attracta walikuwa wamekaa bila dume msimu wote. Kijijini hakuna aliyesema kitu, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Kila mtu alijua kwamba dume haliachi majike wakati wa joto likaenda kutalii mlimani. Watu walimtazama Fintan kisha wakatazama viatu vyao.

Aprili ikafika, wanakondoo wakadondoka. Wote nyuso za madoadoa kama kanga, na madume yana vifundo vya pembe. Teksel hana pembe. Fintan aliwaficha nyuma ya nyumba kila gari lilipopita.

Nilimwambia ukweli kama rafiki: "Futa ugeni. Sema una mafua."

"Nimeshasema watakuja. Nitaonyesha Askofu na majike. Wanakondoo nitasema nimewapeleka shamba la shemeji."

"Na majike watakubali kusema hivyo?"

Hakuelewa. Elimu nyingi.

Siku ya chama, mvua haikunyesha, jambo lililotutia wote wasiwasi. Magari yalijaa kando ya barabara. Concepta alipanga sandwichi na keki kwenye meza uani, na Attracta, kwa kuwa ni jirani na majirani husaidiana siku ya ugeni, alikuja kumimina chai. Fintan alikuwa amewafungia wanakondoo kwenye banda kubwa tangu alfajiri, mlango umepigwa komeo, redio inaimba ndani. Akaanza hotuba yake juu ya damu ya Askofu, baba yake na babu yake.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Kondoo jike aliyetenganishwa na mwanawe hasikilizi hotuba. Alianza mmoja, akaitikiwa kutoka bandani. Kisha wote. Fintan akapaza sauti, nao wakapaza. Redio ikazidiwa. Jike mmoja mkubwa, aliyeshinda taji mwaka uliotangulia, akaruka lango la malisho, akapita katikati ya waheshimiwa wale na viatu vyao safi, kiwele kimejaa mpaka maziwa yanadondoka njiani, akaenda kusimama kwenye mlango wa banda. Akaupiga kwato. Akatugeukia.

Wale walikuwa wafugaji. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa. Mzee mwenyekiti akavua kofia akaitazama ndani kana kwamba kuna maandishi. Mwingine akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mimi nilikuwa na kichekesho nilichokiandaa majira yote ya baridi, kizuri ajabu, na nilikuwa nimekaa mbele ili nikitoe. Nikamwangalia Fintan. Shingo ilikuwa imekuwa nyekundu kuliko ile rangi yake. Midomo yake ilitikisika kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikajaza sandwichi mdomoni badala ya kichekesho, na ninavyojijua, hilo halijawahi kutokea.

Attracta akaweka birika mezani. "Fintan," akasema polepole, "huyo mama anaumwa kiwele."

Attracta akaenda akafungua komeo.

Walitoka kama maharage yaliyomwagika, madoa kwa madoa, kila mmoja akakimbilia mama yake, wakapiga magoti wakanyonya, mikia inatikisika. Kelele zikaisha.

"Wana afya," mwenyekiti akasema, maana ilibidi mtu aseme.

Attracta alikuwa anawatazama. Mwaka ule zizi lake lilikuwa halina mwanakondoo hata mmoja.

"Ni wa Mwenyewe," Fintan akasema. Hakuwa anawaambia wageni. "Alipita kwenye pengo langu. Mimi ndiye niliyempeleka mlimani. Nilimpeleka kwa trela, mama, kisha nikaja kukusaidia kumtafuta."

"Najua," Attracta akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia hajapita. Ulimwambia mbwa wangu, hukuniambia mimi." Akachukua birika. "Nilikuwa nangoja tu kuona kama utaula ule mkate. Ukaula."

Fintan alikaa kwenye ukingo wa hodhi la maji ya ng'ombe, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Wageni wakaaga kwa Concepta mmoja mmoja, kwa sauti ya msibani. Hawajarudi tena. Ingekuwa ni madoa peke yake wangesahau. Hata mimi, miaka ile, ng'ombe wangu mmoja alizaa kitu ambacho sijui baba yake ni nani.

Kesho yake asubuhi nikamwona ukutani. Hakuwa na kalamu mfukoni. Alijenga pengo lake, akaliziba vizuri, mawe makubwa chini, madogo katikati, kisha akaendelea. Akavuka nusu. Akaanza kunyoosha upande wa Attracta, mawe yaliyolala tangu Tommie alipokufa. Nikashuka, si kwa udaku, nilikuwa napita.

Attracta akaja kwa upande wake wa ukuta. Akatazama mawe mapya juu ya nusu yake. Akalitoa la kwanza, akaliweka chini kwenye nyasi. Akatoa la pili.

"Mama, nilitaka tu nikusaidie," Fintan akasema.

"Umeshanisaidia kutafuta dume. Inatosha." Akatoa la tatu. "Nusu yangu naijenga mwenyewe. Nataka kila nikipita nijue mawe yapi ni yako na yapi ni yangu."

Nilimtolea Fintan macho aondoke, mtu mwenye akili angeondoka. Alibaki pale kwenye nusu yake, mikono imening'inia, akimtazama mama wa miaka sabini akipanga mawe. Baada ya muda mrefu Attracta akatafuta jiwe la kukaa vizuri chini ya lingine, hakulipata. Lilikuwa upande wa Fintan.

"Lile bapa," akasema bila kuinua macho.

Fintan akaliokota, akalifuta udongo kwa mkono wa shati, akampa. Akalipokea, akalipanga. Hakusema ahsante, na Fintan hakuonekana kuisubiri.

Wanakondoo wale Fintan aliwabakiza, madume na majike, na wanakula majani kando ya barabara ambako kila mtu anawaona. Askofu yuko bandani, amenenepa. Fintan siku hizi akipita anasalimia kwanza yeye, kofia mkononi. Na kanisani bado husimama kule nyuma, kwenye upepo. Nilimwambia aje mbele, kuna nafasi kwenye benchi langu. Akasema atakuja. Hajaja.