Mwaija Apima Damu kwa Mwanga, Hina Yamzungusha

Saa mbili asubuhi, baraza ya zahanati ya Mbegani imefurika wanawake hadi uani. Mwaija binti Kitwana anashusha pazia jeusi, anaunga waya kwenye betri ya gari, na kitaa kidogo kama punje ya hindi kinawaka kwenye ncha ya kidude cha chuma. Vigelegele! Kwa taa tu!

"Fungua mdomo, dada. Haiumi, hainyonyi, haisemi na mumeo."

Mwaija alikuwa mwosha chupa na mfunga vidonda hapa. Mwaka huu wa 1957 daktari mgeni amemfundisha kupima safura, yaani upungufu wa damu, kwa mwanga, bila kumchoma mtu.

"Damu hula mwanga," anaeleza. "Ukiwa nayo ya kutosha, mwanga hurudi kidogo, mshale huu wa kipimo unalala. Ikipungua, mwanga unarudi mwingi, mshale unapanda."

Mwanzo walipima ukuchani. Mwezi uliopita Mwaija alipita nyumba kwa nyumba akiwaalika wajawazito: "Njooni, daktari atawatazama mikono!"

Loo! Mwanamke wa pwani atazamwe mkono na mgeni, nao uwe mtupu? Hina ilipondwa mji mzima. Wakaja kucha nyekundu, viganja maua matupu.

Mshale ukalala kwa kila mmoja. Daktari akachekelea: safura hakuna!

Kisha akaketi Biubwa, mimba ya miezi minane, anahema kama aliyekimbizwa na ng'ombe. Wake pia ukalala. Akiondoka hivyo, atakwenda kwenye uchungu bila dawa wala damu.

"Bwana daktari," Mwaija akasema, "hina nayo inakula mwanga. Na aliyewafanya wapake ni mimi."

Daktari akaitazama ile mikono, akashika kichwa. Hina haitoki kwa sabuni. Wapime wapi?

Bi Sada, mama mkwe wa Biubwa, akadakia: "Ndani ya mdomo je? Huko nani kapaka?"

"Na tambuu yako inayokupaka mdomo wekundu, Bi Sada?" Mwaija akauliza.

"Kwani mimi nina mimba?"

Kicheko kikavunja baraza. Daktari naye akacheka, akafuta kidude kwa spiriti. Mwaija akaugeuza mdomo wa chini wa Biubwa, akaugusisha mwanga.

Mshale ukaruka hadi ukingoni.

Hakucheka mtu tena. "Mwanangu huyu!" Bi Sada akalia, na Biubwa akapakiwa kwenye gari ya daktari, moja kwa moja hospitali Bagamoyo.

Leo Biubwa yupo hapa kwenye benchi, amempakata binti mchanga anayelia kushinda baraza nzima. Mwaija anampima. Mshale unasimama katikati.

"Bado, mwali. Dawa usiache, na mchicha ule."

"Nala mpaka nimekuwa mbuzi, shoga."

Mwaija amekwisha omba kidude kiende kijiji cha Mapinga kabla mvua hazijakata njia, na daktari amekubali.

"Kule wako wajawazito wanaohema hivi hivi, wakiambiwa ni uvivu," anasema, akikunja waya wake. "Nataka niwafikie wote. Hina wapake watakavyo."