Dira Lililonipeleka Doha

Sikwenda Doha kutembea. Nilikwenda kwa sababu ya nguo, na mimi ni mtu ninayeuza nguo tangu sijaolewa. Sikujua kama ipo nguo ya kunipandisha ndege kwa hasira.

Rukia, binti wa marehemu dada yangu, ni mpokea wageni katika hoteli moja ya West Bay, kule kwenye maghorofa marefu ya Doha. Alipata mchumba, Liban, kijana wa Kisomali aliyekulia mji huohuo, fundi umeme, mpole, mwenye adabu. Mahari ikakubaliwa, siku ya ndoa ikawekwa. Kisha Rukia akajipiga picha amevaa dira la maua, akaiweka kwenye simu marafiki waione, na chini yake akaandika: "Vazi letu la Tanga."

Picha ikafika kwa Bi Sahra, shangazi yake Liban, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Bi Sahra akasema vazi hilo ni la Wasomali, na yeye hakanyagi kwenye ndoa ya mwizi. Liban akasema hawezi kuoa huku shangazi yake amenuna. Rukia akasema haombi radhi ng'o.

"Mama mdogo, njoo," alinililia kwenye simu. "Ndoa inavunjika kwa ajili ya dira."

"Kwa ajili ya nini?"

"Dira, Mama. Dira!"

Duka langu liko Ngamiani, Tanga. Nauza madira na khanga. Niliyatazama yalivyoning'inia mlangoni, mekundu, ya samawati, ya maua makubwa kama sahani, nikahisi mwizi aliyetajwa ni mimi.

Asubuhi ya safari nilitoka Tanga kwa basi, na sanduku langu nililijaza madira. Niliwaza hivi: mtu akikasirikia kitu, mpe kitu hicho kwa wingi, atalainika. Tulipofika Segera nilimpigia Rukia kumweleza.

"Mama mdogo," alisema, "nakuomba hilo sanduku lipotee njiani."

Halikupotea. Dar es Salaam lilipimwa, likawekewa karatasi, likapanda ndege pamoja nami. Ndani ya ndege nilikaa karibu na dirisha, nikayapanga maneno ya busara nitakayomwambia Bi Sahra. Yalikuwa mazuri sana. Sikubahatika kuyatumia hata moja.

Jioni tulitua Doha. Joto lilinipokea mlangoni pa uwanja kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Rukia alikuwa amekonda. Alikuja na mwenzake anayeishi naye chumba kimoja, Wanjiru, muuguzi kutoka Nyeri, ambaye ndiye mwenye gari. Tulipoingia barabara kubwa, taa za maghorofa zikiwaka pande zote, Rukia akaanza kusimulia upya, na mimi nikaanza kuchemka upya.

"Bibi yangu alivaa dira," nilisema. "Mama yangu alivaa dira. Leo naambiwa nimeiba?"

"Aki Auntie, mnaongelea dera?" Wanjiru aliuliza. "Kwetu tunaita dera. Watu wa Mombasa ndio wako nazo."

"Dira."

"Dera."

"Mwanangu, hili vazi linaitwa dira."

"Sawa Auntie, lakini hata nyinyi wenyewe hamjakubaliana jina. Na ile mnaita khanga, si ni leso?"

Nikageukia dirishani. Nilikuwa nimefika Doha hata saa moja haijatimia, na tayari nimegombana na mwenye gari.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, Liban alikuja kutuchukua kwenda Umm Salal, kaskazini ya mji, anakoishi Bi Sahra. Alinibusu mkono, akaniita mama, akaniuliza habari za Tanga kwa Kiswahili alichofundishwa na Rukia. Njia nzima alikuwa akijifuta jasho ilhali kiyoyozi kinapuliza.

Bi Sahra alitufungulia mwenyewe. Mwanamke mrefu, mkavu, macho makali. Baada ya kukimbia Mogadishu aliishi miaka mingi Eastleigh, Nairobi, kabla ya kuja Doha, kwa hiyo Kiswahili hakikumpiga chenga. Alituketisha, akaleta chai yenye iliki na sambusa, akaniuliza afya yangu, afya ya watoto wangu, afya ya majirani. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikafungua sanduku.

Nilimtolea dira la kwanza, la zambarau, zuri kupita yote dukani.

Alilishika kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

"Zawadi yako, dada. Kutoka kwetu."

"Umeniletea nguo yangu kama zawadi?"

Rukia alifunika uso.

"Hii inaitwa *dirac*," Bi Sahra aliendelea, na mwisho wa neno aliukatia kooni. "Nyinyi hamuwezi hata kulitamka, mkaacha nusu yake baharini. Na hata hii si *dirac*. *Dirac* ni laini, unaona mwanga ndani yake, inavaliwa na gagulo chini, siku ya furaha. Hii ya pamba nzito ni *baati*, ya kulalia. Mnaivaa jikoni! Mnakaanga nayo samaki!"

"Samaki tunakaanga, na nguo tunafua," nilijibu. Yale maneno ya busara ya kwenye ndege yalikuwa yameyeyuka yote. "Nguo inayovaliwa na bibi, mama na mjukuu ni nguo yao. Au kila asubuhi tuombe ruhusa Mogadishu?"

"Ruhusa hapana. Jina. Semeni mmetoa wapi."

"Na wewe sambusa hii umeitoa wapi?"

"Na hizo khanga zenu," alisema pole pole, "zilifumwa Tanga?"

Nikachukua sambusa nyingine. Khanga zangu nanunua kwa jumla Dar, na kwenye pindo la baadhi yake pameandikwa India. Bi Sahra akanimiminia chai nyingine. Hicho ndicho kilichonikera zaidi, kwamba alikuwa na adabu hata akinishinda.

Ijumaa Liban alituomba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, tufuatane sote sokoni kununua vitambaa vya harusi. Alidhani wanawake wakishika vitambaa watapatana. Maskini kijana hajawahi kuuza duka.

Soko la zamani la Doha lina vichochoro vya maduka ya nguo, viungo na ubani. Tuliingia kwa mzee mmoja wa Kiyemeni, shela zimepangwa nyuma yake hadi darini. Bi Sahra akachagua kitambaa cha mistari myekundu na ya manjano, cha kutengenezea guntiino. Hilo ni vazi la kitambaa kirefu kisichoshonwa, hufungwa fundo begani kikazungushwa kiunoni. Kisha, mbele yangu, akamuuliza mzee kwa Kiarabu *dirac* ni ya nani. Liban akanitafsiria. Mzee alikuna ndevu, akasema mambo ya wanawake hayajui, ila yule kijana aambiwe kwamba ile shuka ya kiunoni wanayoringia wanaume wa Kisomali ni futa, na futa ni ya Yemen.

"Shuka hiyo ni *macawiis*, na ni yetu!" Liban akaruka. Yeye, mpole wa wapole!

"Inafumwa Indonesia," mzee akasema, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye shuka.

"Sasa ni ya Indonesia au ya Yemen?" Liban akauliza.

"Ya Yemen. Wao wanafuma tu."

Rukia alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Niliketi juu ya robota la kitambaa, miguu ikiniuma, nikatamani niwe dukani kwangu ambako mtu huuliza bei, akalipa, akaenda zake.

Jumamosi mambo yaliharibika zaidi, na ndipo yalipoanza kutengenezeka, ingawa sikujua. Alifika mama mzazi wa Liban, Bi Khadra, kutoka Djibouti alikorudi kuishi na wazazi wake. Wanawake tukakusanyika kwa Bi Sahra. Bi Sahra akaona amepata shahidi. Akamweleza wifi yake kisa chote kwa Kisomali, akininyooshea kidole, akimnyooshea Rukia kidole, akilinyooshea kidole dira langu la zambarau lililokuwa bado limekunjwa pale pale kwenye kochi.

Bi Khadra alisikiliza akitafuna tende. Akatema kokwa, akasema maneno machache.

Kidole cha Bi Sahra kikashuka.

"Kasemaje?" nilimnong'oneza Liban, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Anasema…" Alimeza mate. "Anasema *dirac* ni ya kwao, Djibouti na kaskazini. Anasema watu wa Mogadishu walikuwa na guntiino, *dirac* wameijua juzi. Eddo asiseme yake."

Eddo ndivyo anavyomwita shangazi yake. Bi Sahra akajibu kwa sauti. Bi Khadra akajibu kwa sauti kubwa zaidi.

"Na sasa?"

"Anasema hata guntiino… Mama, siwezi kutafsiri."

"Tafsiri!"

"Anasema hata kile kitambaa cha mistari si cha Wasomali hasa. Ni cha watu wa pwani ya Mogadishu, waliokuja kutoka ng'ambo."

Nilitazamia Bi Sahra alipuke. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufurahi kidogo. Lakini alisimama, akanyoosha shela lake, akaenda chumbani, na mlango akaurudisha taratibu sana.

Nilimfuata. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu sote wawili tulikuwa tumechokozwa na mwanamke mmoja mla tende.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba yangu alikuwa mfumaji," alisema bila kunitazama. "Alindi, hicho kitambaa cha mistari. Alikaa chini, miguu ndani ya shimo, mtambo wa mbao mbele yake. Mama alisokota uzi. Mtaa wetu wote, ukipita asubuhi, unasikia mbao: ta, ta, ta. Vita ikaingia. Nyumba ikachukuliwa. Mtambo wakaufanya kuni. Mimi nilitoka na watoto wa ndugu na viatu, sikubeba hata kipande. Hata uzi." Akajifuta pua. "Sasa huyu ananiambia baba yangu alikuja kutoka ng'ambo. Na wewe unaniambia dira. Abaayo, mimi nitabaki na nini?"

Abaayo ni dada. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Bado niliamini dira ni letu. Lakini haikuwa hoja ya kumtolea mtu mwenye kilio hicho.

Mlango ukafunguliwa. Rukia aliingia na kile kitambaa cha mistari, ameking'ang'ania kama mtoto aliyeshindwa kukunja shuka.

"Eddo," alisema, "sijui kufunga hiki."

"Si umesema nguo ni zenu?"

"Dira nimesema, na nasema tena. Hiki sijui hata kinaanzia wapi. Keshokutwa naolewa, na mama yangu hayupo. Nani atanifunga?"

Kichwa chake kigumu, huyu mtoto! Hata akiomba, anaomba kwa ubishi. Nilimkazia macho anyamaze. Lakini Bi Sahra aliinuka, akakichukua kitambaa, akakikung'uta.

"Simama sawa," alisema. "Usivute pumzi kama samaki. Hapa begani, hivi. Fundo lisiwe kubwa, utaonekana umebeba viazi."

Alimzungushia mara moja, akafumua. Akarudia. Mikono yake ilikwenda bila yeye kuitazama. Katikati ya kazi hiyo Bi Khadra alichungulia, akasema jambo, na Bi Sahra akamjibu kwa ukali. Bi Khadra akaingia, akapiga magoti sakafuni, akashika pindo la chini lisiburute. Walibishana vile vile, mmoja begani na mmoja miguuni, na bibi harusi katikati yao kama mlingoti.

Ndoa ilifungwa. Rukia aliingia ukumbini na guntiino, akatoka, akarudi na *dirac* laini ya dhahabu aliyoletewa na mama mkwe, akamaliza na dira la Tanga, la maua. Wanjiru alipiga picha zote, akaniuliza aandike nini chini yake. Nikamwambia akiandika neno lolote namtupia simu baharini. Hakuna aliyeomba radhi. Bi Khadra alikula pilau akitaja Djibouti. Bi Sahra alikuja amevaa lile dira langu la zambarau, akapita mbele yangu makusudi, akasema, "Nimevaa *baati* yangu."

"Limekupendeza dira letu," nikamjibu, na tukakaa meza moja.

Siku ya kurudi alinisindikiza hadi uwanjani. Alinishika mkono, akaanza tena, "Lakini Zaituni, ukweli ni kwamba…" Nikamwambia ndege inaondoka. Haikuwa inaondoka.

Nimerudi Tanga, na wateja wanataka habari. Nimejifunza nini? Kwamba ukimuuliza mtu vazi hili ni la nani, anasimama. Ukimuuliza nani alikufundisha kulivaa, anakaa. Nilisafiri mbali mno kujifunza jambo dogo kama hilo, na bado linanichosha.

Juzi jirani yangu Mwanaidi aliona picha za harusi, akavuta mdomo. "Hawa Wasomali nao! Siku hizi wanavaa mpaka dira letu."

Nilikuwa na majibu ya Bi Sahra, ya Bi Khadra, ya mzee wa Yemen, yote kwenye ncha ya ulimi.

"Mwanaidi," nikasema, "dira lako la kwanza alikuvalisha nani?"

Alivuta kigoda. "Bibi yangu mzaa mama," alisema. "Nilikuwa nimetoka kuugua…"

Nikafunga duka nusu mlango, nikamsikiliza.