Pampu ya Mchungaji Nimeifunga, na Siifungui

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, Mkamba, naishi Kangemi na mama yangu ambaye ana kisukari. Kazi yangu ni fundi wa pampu za dizeli pale Grogan, kwenye gereji za katikati ya jiji. Ndiyo, mwanamke. Wa kushangaa ashangae haraka tuendelee.

Mchungaji wetu ana pikapu ya dizeli ya kubebea jenereta na spika za kanisa. Ilikuwa inachoka kwenye vilima, akaniletea niiongeze nguvu. Nikaifungua pampu, yaani nikageuza ile skrubu inayopima mafuta, injini ikashiba, pikapu ikaanza kuruka. Lakini mafuta mengi bila hewa ya kutosha ni moshi mweusi, na kule inspekshen, kwenye ukaguzi wa magari, moshi unapimwa. Nikamwambia, "Mchungaji, niachie nishushe pampu niipange vizuri, mafuta yawe yanafuata hewa ya turbo. Utabaki na nguvu yako na utapita bila wasiwasi." Akasema hawezi kukaa bila gari. Alitaka njia ya mkato ambayo Grogan nzima inaijua: pampu inafungwa, yaani skrubu inarudishwa mafuta yapungue, gari inapita ikiwa nyonge, halafu inafunguliwa tena. Haya, mteja ndiye ametaka, mimi ni nani?

Sasa sikilizeni. Ujumbe wa kunitumia mimi aliutuma kwenye grupu ya kanisa: "Ijumaa nifungie nipite, Jumamosi tufungue. Mungu akubariki."

Wueh! Amina zikamiminika. "Tunakufungia, baba!" Kanisa zima likakaa na njaa kwa ajili ya pampu. Mimi ile grupu nilikuwa nimeizima sauti kitambo, sikuona kitu. Alinitumia tena kando, maneno yale yale, nikaifunga pampu, pikapu ikaenda inspekshen.

Mama naye alifunga. Hakuniambia, maana alijua ningekataa. Alijidunga dawa yake asubuhi akakaa bila kula. Jirani yetu, ambaye pia ni wa kanisa, alimkuta sakafuni jikoni jasho likimtoka, hawezi kuongea. Nilitoka Grogan na mikono ya dizeli nikakimbilia hospitali. "Alikuwa anamfungia mchungaji," jirani akaniambia, akanionyesha simu. Nikasoma. Nikatoa yangu nikasoma tena. Na chini ya zile amina zote mchungaji alikuwa amejibu, "Barikiweni." Kumbe alijua! Aliona watu wamemwelewa vibaya akawaacha wafe njaa. Jamani, nililia kwa hasira mbele ya wagonjwa wa watu.

Mama alipata nafuu, asante Mungu. Jumapili mchungaji akasimama madhabahuni: "Mlinifungia, nami nimepita!" Vigelegele. Ibada ilipoisha nikamfuata ofisini.

"Mchungaji, mama yangu nusura afe kwa sababu ya pampu yako."

"Binti yangu, Mungu huangalia nia. Kufunga hakupotei bure." Halafu, bila hata aibu, "Kwa hivyo kesho niilete uifungue?"

"Siifungui. Simama pale pale mbele, uwaambie ulikuwa unaongea na fundi wa gari."

Akaipeleka kwa mafundi wengine. Sasa, pampu nikiimaliza huwa naizungushia waya na kuibana kwa sili yenye alama yangu, na Grogan hakuna anayekata sili ya mwenzake bila kumpigia kwanza. Wakanipigia. Nikasema, "Iacheni ilivyo." Wakaiacha. Siku hizi pikapu inapanda kuelekea Uthiru ikiwa imebeba spika, na watu wanaipita kwa miguu. Mungu anisamehe, lakini nikiiona nacheka.

Wazee wa kanisa wakaja hadi nyumbani, mama akiwa amelala, wakanong'ona pale mlangoni: "Dada, umemfunga mtumishi wa Mungu." Walisema vile watu husema mchawi amemfunga mtu. Na mchumba wangu, shemasi wa kanisa hilo hilo, ambaye mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, alishawafikisha kwetu Machakos, ananiambia, "Mfungulie tu yaishe. La sivyo hatatufungisha ndoa." Nikamjibu, "Basi ndoa tutaifunga kwingine, ama isifungwe." Tangu siku hiyo amenuna. Inaniuma, sitadanganya. Yule mtu nampenda.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Kanisa limetangaza maombi ya kufunga Ijumaa hii, ili mchungaji "afunguliwe". Na mama yangu hajui lolote kuhusu pampu. Anaamini njaa yake ndiyo ilimvusha mtumishi wa Mungu, na tangu atoke hospitali ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu baba afariki. Jana nikimpa uji akanishika mkono. "Mwanangu, Ijumaa usinizuie. Ile mara ya kwanza Mungu alinisikia."

Nikifungua pampu, mchungaji atarudi madhabahuni aseme maombi yamejibiwa, na mama ataendelea kufunga kila akiambiwa. Nisipoifungua, mama anafunga Ijumaa hii hii. Daktari alishanionya kwamba safari nyingine anaweza asiamke.

Wale mnaotaka kuniambia nisamehe nifungue, piteni mbali, hilo sijauliza. Siifungui mpaka aseme mwenyewe. Mimi nauliza hivi: mama yangu nimwambieje kwamba Mungu hakuwa amemwomba kitu, kwamba nusura afe kwa ajili ya pikapu? Nipeni maneno, mimi yamenishinda.